Mtu wa Majita na ubishi wa wingi na ukali

Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. El Paso, mji wa Texas uliokaa jangwani, mto mmoja tu ukiutenga na Mexico, uko mita 1,140. Kwa mtu aliyekulia kando ya ziwa letu, hewa ya El Paso haina jipya ila ukavu wake. Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu kila medali ya mbio ndefu inapokuja Afrika Mashariki maelezo huwa yamekwisha andaliwa: hewa nyepesi ya milimani. Maelezo hayo yanawafaa watu wa Iten kule Kenya, na kwa kiasi fulani watu wa Karatu, Mbulu na Hanang. Kwa Suleiman Nyambui hayasaidii kitu. Yeye alizaliwa Majita, tarehe 13 Februari 1953, na alipokwenda kusoma ng'ambo akapelekwa mji ulio karibu kimo kile kile cha kwao.

Majita ni rasi ya Mkoa wa Mara iliyoingia ziwani, kusini-magharibi ya mji wa Musoma. Kiriba ni kata mojawapo ya huko, na siku hizi eneo hilo liko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Musoma, jirani na Bunda na Butiama. Ni nchi ya Wajita: dagaa wameanikwa juani, mihogo shambani, pamba kwa miaka ile bei yake ilipokuwa na maana, na Ukerewe ng'ambo ya maji. Sifa yake kubwa haikuwa mbio. Hata hivyo, Tanzania imepata medali mbili tu katika historia yake yote ya Olimpiki, na moja ilivaliwa na mtu wa huko.

Kama si milima, basi tuyatazame mazoezi. Na hapo tunakutana na ubishi ambao wapiga tizi wa kila namna, wa mbio na wa vyuma, wameurithishana kwa karibu karne nzima bila kuumaliza: bora mazoezi mengi, au bora mazoezi makali?

Wabeba vyuma ndio wanaouonyesha waziwazi, maana kwao kila kitu kinapimwa kwa kilo. Chukua mtu ambaye uwezo wake wa mwisho ni kilo 140. Leo ananyanyua kilo 100 mara 10. Jioni amehamisha kilo 1,000. Kesho ananyanyua hizo 140 mara 3 basi, amehamisha 420. Siku ya kwanza ilikuwa na wingi, ya pili ilikuwa na ukali. Misuli hunenepa zaidi kwa kazi ya siku ya kwanza. Lakini neva, ambazo kazi yake ni kuiamrisha misuli yote ijibu kwa pamoja, hufundishika zaidi na siku ya pili. Mtu hawezi kufanya yote mawili kwa kiwango cha juu kabisa ndani ya wiki moja, kwa sababu mwili una akaunti moja tu ya kulipia uchovu. Kwa mkimbiaji mambo ni hayo hayo, ila kilo zinageuka kuwa kilomita za wiki, na ukali unakuwa kasi anayokimbia.

Wakimbiaji ndio waliogombana kwanza. Ujerumani, miaka ya 1930, kocha Waldemar Gerschler akishirikiana na daktari wa moyo aitwaye Reindell waliyakata mazoezi vipande vipande: kimbia kwa kasi hadi moyo upige mara 180 kwa dakika, pumzika hadi ushuke 120, rudia. Mwanafunzi wao Rudolf Harbig alikimbia mita 800 kwa dakika 1:46.6 mwaka 1939, na rekodi hiyo ikadumu hadi 1955. Emil Zátopek wa Czechoslovakia aliichukua njia ya vipande akaizidisha kupita kiasi, mita 400 mara 40, mara 60, siku nyingine zaidi, kiasi kwamba ukali wenyewe uligeuka wingi. Mwaka 1952 kule Helsinki alishinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni ndani ya wiki moja. Upande mwingine kulikuwa na Roger Bannister, mwanafunzi wa udaktari aliyefanya mazoezi mafupi na makali wakati wa mapumziko ya mchana, na tarehe 6 Mei 1954 akawa mtu wa kwanza kumaliza maili moja chini ya dakika nne.

Jibu la wingi lilitoka New Zealand. Arthur Lydiard, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha viatu Auckland, alijipima mwili wake mwenyewe kwa miaka, akaamua kwamba kila mkimbiaji, hata wa mita 800, ajenge msingi wa kilomita 160 kwa wiki kabla ya kugusa kasi. Jumapili vijana wake walizunguka vilima vya Waiatarua, kilomita 35. Watu walicheka: mkimbiaji wa mizunguko miwili ya uwanja anatafuta nini huko? Tarehe 2 Septemba 1960, Roma, Peter Snell alishinda mita 800, na kabla saa moja haijaisha Murray Halberg, kijana mwingine wa Lydiard, akashinda mita 5,000. Kicheko kiliisha hapo.

Hivyo Januari 1974 Watanzania walipofika Christchurch, New Zealand, kwa Michezo ya Jumuiya ya Madola, walikuwa wageni katika nchi ambako kilomita nyingi ni karibu dini. Fainali ya mita 1,500 ilikuwa tarehe 2 Februari. Wenyeji walikuwa na John Walker na Rod Dixon, wote wawili watoto wa desturi ile ya Lydiard. Kenya ilikuwa na Ben Jipcho na Mike Boit. Tanzania ilikuwa na Filbert Bayi wa Karatu, mwanajeshi wa miaka 20, na pamoja naye katika fainali hiyo hiyo alikuwemo Nyambui wa Majita, siku 11 kabla ya kutimiza miaka 21.

Kile alichokifanya Bayi siku ile hakikuwa kwenye kitabu cha kocha yeyote. Desturi ya mita 1,500 ilikuwa kukaa kundini, kusukumana kidogo, na kuweka akiba kwa ajili ya mita 300 za mwisho. Bayi aliondoka tangu bunduki ilipolia. Mita 400 za kwanza alizipita chini ya sekunde 55, akawaacha wenzake mita 20 hivi, akaendelea vivyo hivyo kana kwamba mzunguko wa mwisho haumhusu. Walker alimfukuza hadi mwisho asimpate. Bayi dakika 3:32.16, Walker 3:32.52, na wote wawili walikuwa wameipita rekodi ya dunia ya Jim Ryun iliyodumu tangu 1967. Mwaka uliofuata, Mei 17, Bayi aliivunja na rekodi ya maili kule Kingston, Jamaika, dakika 3:51.0, miezi mitatu baadaye Walker akaichukua kwa 3:49.4.

Nyambui hakuwa karibu na medali siku ile. Lakini mtu asiidharau fainali hiyo katika maisha yake. Kijana anayeweza kusimama kwenye mstari mmoja na hao katika mita 1,500 ana kasi, na kasi ni kitu ambacho kocha wa mbio ndefu hawezi kukipanda baadaye kwa urahisi. Mpangilio wa Lydiard unasema anza na kilomita, malizia na kasi. Maisha ya Nyambui yalifuata mpangilio huo kinyumenyume: alianza na kasi, kilomita zikamfuata kadiri umri ulivyosogea. Hilo ndilo jambo linalonivutia katika habari zake kuliko medali yenyewe, na nadhani limesemwa kidogo mno.

Tanzania ya wakati ule ilikuwa na namna ya kumtunza kijana wa aina hiyo. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Mashindano ya shule yaliibua vipaji. Jeshi, polisi na magereza yakavichukua na kuvipa kazi, posho na muda wa kukimbia. Sikumbuki kama kuna taasisi nyingine za umma ambazo zimewahi kuifanyia riadha yetu kazi kubwa kuliko hizo tatu za mwisho. Kitu ambacho hazikuweza kukizuia ni siasa ya dunia. Mwaka 1976 timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, Kamati ya Olimpiki ikakataa kuifungia New Zealand mlango wa michezo ya Montreal, na nchi nyingi za Afrika zikasusia, Tanzania ikiwemo. Pambano la Bayi na Walker lililosubiriwa na dunia nzima halikufanyika. Walker alichukua dhahabu katika mbio za polepole, dakika 3:39.17. Bayi mwenyewe alikuwa ameandamwa na malaria kabla ya michezo, kwa hiyo hakuna ajuaye ingekuwaje.

Miaka hiyo vyuo vya Marekani vilikuwa vimegundua Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, chini ya kocha Ted Banks, kiliwakusanya Wakenya na Watanzania kwa wingi hata picha ya timu ya chuo ikaonekana kama ya michezo ya Afrika Mashariki. Nyambui alikwenda huko mwishoni mwa miaka ya 1970. Gidamis Shahanga, aliyeshinda marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978, naye akaenda, na Zakaria Barie pia.

Mwaka wa mwanariadha wa chuo una misimu mitatu: mbio za nyika kuanzia Septemba hadi Novemba, mashindano ya ndani ya ukumbi wakati wa baridi, kisha uwanjani hadi Juni. Baada ya hapo wale walio bora huenda Ulaya kutafuta mbio za majira ya joto. Kila msimu una ubingwa wake na pointi zake, na mtu anayeweza kukimbia mita 10,000 kisha mita 5,000 katika mashindano yale yale ni hazina ya pointi kwa timu. Nyambui alikuwa mtu huyo. Alishinda ubingwa wa vyuo wa mita 10,000 miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, na mita 5,000 mara tatu, 1980, 1981 na 1982. Ubingwa wa mbio za nyika aliuchukua mwaka 1980. Mwaka 1981 El Paso walishinda mbio za nyika za vyuo kwa pointi 17, ambapo pointi chache kuliko zote zinazowezekana ni 15, yaani washindi wote watano wa kwanza wawe wako.

Ukiitazama ratiba hiyo kwa jicho la ubishi wetu, unaona kwamba chuo kilikuwa kimejibu swali bila kuulizwa. Mashindano ndiyo mazoezi makali kuliko yote. Kijana anayeshindana mara nyingi kiasi hicho hana haja ya kocha kumwongezea ukali; anachohitaji ni mbio nyingi za taratibu katikati, ili mwili uweze kuubeba ukali uliokwisha pangwa na kalenda. Vijana wengi waliopita katika vyuo vya Marekani, wenyeji na wageni, walichakaa mapema. Nyambui hakuchakaa, na sababu moja ni umri: aliposhinda taji la kwanza la mita 10,000 alikuwa na miaka 26, akishindana na vijana wa 19 na 20. Wamarekani walilalamikia umri wa wageni wao, na walikuwa na hoja. Mtu wa miaka 26 aliyekwisha kimbia fainali ya Christchurch ana miaka mingi ya kazi miguuni ambayo kijana wa miaka 19 hawezi kuipata kwa msimu mmoja, afanye nini. Tunapozungumzia wingi wa mazoezi tunahesabu wiki. Hesabu iliyo na maana zaidi ni ya miaka.

Desemba 1979 majeshi ya Urusi yaliingia Afghanistan, na Rais Jimmy Carter wa Marekani akaamua kuwa Olimpiki ya Moscow isusiwe. Februari 1980 alimtuma Muhammad Ali kuzunguka Afrika kuzishawishi serikali. Kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Julius Nyerere, mtoto wa Butiama, safari fupi tu kutoka Majita, alikataa kuonana naye. Kumtuma mwanamasumbwi kujadili siasa ya nchi na mkuu wa nchi alikuona ni dharau. Tena Marekani hiyo hiyo haikuwa imeiunga mkono Afrika mwaka 1976. Kenya ilisusia. Tanzania ilikwenda. Matokeo yake ni kioja kidogo cha historia: Nyambui, mwanafunzi wa chuo cha Texas, alikwenda Moscow huku Wamarekani aliokuwa akiwashinda kila wiki wakibaki nyumbani, na huku Henry Rono, Mkenya aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, akibaki naye.

Moscow ilikuwa pia mahali ambapo pande mbili za ubishi wa vyuma zilikutana uso kwa uso, katika ukumbi wa Izmailovo. Warusi walikuwa watu wa mahesabu. Wataalamu wao walikusanya daftari za mazoezi za wanyanyuaji wao bora, wakahesabu kila mara chuma kilipopanda. Jedwali linalobeba jina la Prilepin lilitokana na kazi ya namna hiyo: ukinyanyua kati ya asilimia 70 na 80 ya uwezo wako, idadi inayofaa kwa siku ni 12 hadi 24, kati ya 80 na 90, ni 10 hadi 20, ukivuka 90, ishia 4 hadi 10. Ndani ya jedwali hilo dogo kuna msimamo mzima: ukali upo, lakini kwa kipimo, na sehemu kubwa ya mwaka hupitia uzito wa kati, maelfu na maelfu ya minyanyuo. Vasily Alekseyev, pandikizi la mtu kutoka Shakhty lililovunja rekodi za dunia 80, alijulikana kwa kufanya mazoezi mengi na uzito wa wastani, na kwa kukataa kuamrishwa na makocha.

Upande wa ukali, Wabulgaria walikuwa na kocha Ivan Abadjiev. Yeye aliyafuta karibu mazoezi yote ya ziada. Wakabaki na kunyakua chuma kwa mkupuo mmoja hadi juu ya kichwa, kukipandisha kifuani kisha kukisukuma juu, na kuchuchumaa nacho mabegani. Kila siku, vipindi kadhaa vifupi kwa siku, mtu afike kwenye uzito wake wa mwisho wa siku hiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba mwili huzoea kile unacholazimishwa kukifanya, basi ulazimishe kitu chenyewe. Nchi ya watu chini ya milioni tisa ilipata dhahabu tatu Munich mwaka 1972 na kuanzia hapo ikawasumbua Warusi kila mwaka.

Katika Izmailovo, Urusi ilichukua dhahabu tano kati ya kumi, Bulgaria mbili. Yurik Vardanyan, Mwarmenia wa timu ya Urusi mwenye uzito wa chini ya kilo 82.5, alinyanyua jumla ya kilo 400, kitu ambacho hakuna mtu wa uzito wake aliyewahi kukifanya. Mtu angeweza kusema wingi umeshinda. Lakini usiku wa tarehe 30 Julai Alekseyev mwenyewe, miaka 38, alipanda jukwaani, akajaribu kilo 180 mara tatu, akashindwa mara tatu, akatoka bila alama yoyote.

Kesho yake, Julai 31, Bayi alikimbia fainali ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Hakuwa tena mkimbiaji wa mita 1,500. Alikuwa na miaka 27 na amebadili mbio, lakini hakubadili tabia. Aliondoka mbele mapema kama kule Christchurch, kwa kasi ya kuvunja rekodi, akawaacha wote mbali. Mpoland Bronislaw Malinowski alimhesabia polepole, akamfikia karibu na kizuizi cha maji cha mwisho, akampita. Malinowski 8:09.70, Bayi 8:12.48. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya Olimpiki ya Tanzania. Walioiona mbio ile hadi leo wanabishana kama angejizuia kidogo angeshinda. Sidhani. Bayi aliyejizuia angekuwa mkimbiaji mwingine.

Agosti 1 ikawa zamu ya mita 5,000. Miruts Yifter wa Ethiopia alikuwa amekwisha shinda mita 10,000, na wenzake wawili walikuwemo fainalini kumsaidia kwa kupandisha na kushusha kasi ili kuwachosha wengine. Mbio za namna hiyo humuumiza mtu wa kilomita nyingi asiye na kasi, na humuumiza vilevile mtu wa kasi ambaye kilomita zake hazitoshi. Nyambui alikaa. Kengele ilipolia, kundi lilikuwa bado kubwa. Yifter alichomoka katika mzunguko wa mwisho na hakuna aliyempata. Nyambui alikuja nyuma yake akiwapita wengine, mguu wa mita 1,500 wa mwaka 1974 ukirudi kazini baada ya mizunguko kumi na miwili. Yifter 13:20.91, Nyambui 13:21.60, Mfini Kaarlo Maaninka 13:22.00, na Eamonn Coghlan wa Ireland, mtu wa maili, akabaki wa nne. Tofauti kati ya dhahabu na fedha ilikuwa sekunde 0.69.

Kuhusu Maaninka lazima niongeze neno. Baadaye alikiri kwamba aliongezewa damu kabla ya michezo, jambo ambalo sheria za wakati ule hazikulikataza. Damu zaidi maana yake ni oksijeni zaidi kwenda kwenye misuli. Kwa hiyo kulikuwa na njia ya tatu kando ya wingi na ukali, na ilipita hospitalini. Kila mara ninaposoma makocha wakisifia mpango fulani wa mazoezi wa miaka hiyo, wa mbio au wa vyuma, huwa najiuliza kabati la dawa lilikuwa na nini, kwa sababu mpango ambao unambeba mtu aliyesaidiwa unaweza kumvunja mtu asiye na kitu isipokuwa ugali na usingizi.

Baada ya Moscow Nyambui alirudi Texas. Februari 6, 1981, katika mashindano ya Millrose ndani ya Madison Square Garden, New York, alikimbia mita 5,000 kwenye uwanja wa mbao wa mizunguko mifupi, mizunguko 34 na ushee. Mpinzani wake alikuwa Alberto Salazar, Mmarekani aliyekuwa ameshinda marathoni ya New York miezi michache kabla, mtu aliyeamini katika kazi nyingi hadi kujiumiza. Waliburutana hadi mwisho. Nyambui alimaliza kwa 13:20.4, rekodi ya dunia ya ndani ya ukumbi, Salazar sekunde mbili nyuma. Rekodi ya zamani ya Emiel Puttemans wa Ubelgiji ilikuwa 13:20.8.

Wakati huo Watanzania wengine walikuwa wakilijibu swali kwa namna zao. Juma Ikangaa, mwanajeshi, mfupi wa kimo, alikuwa mtu wa wingi usio na msamaha. Sifa yake duniani ilitokana na kilomita alizozikimbia mazoezini kabla hajafika kwenye mashindano. Na kama Bayi, alipenda kuongoza tangu mwanzo. Brisbane 1982 alitoka mbele katika marathoni ya Jumuiya ya Madola, Rob de Castella wa Australia akamkamata mwishoni na kumshinda kwa sekunde 12, wakati Shahanga alichukua dhahabu ya mita 10,000 katika michezo hiyo hiyo. Boston 1988 Ikangaa alipitwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja baada ya kilomita 42. Mwaka uliofuata alishinda New York kwa saa 2:08:01, rekodi ya njia ile.

Nyambui alifika kwenye marathoni akiwa mtu mzima. Mwaka 1987, akiwa na miaka 34, alishinda Berlin kwa saa 2:11:11. Ilikuwa bado Berlin Magharibi. Njia ya mbio ilizunguka upande mmoja wa ukuta. Mwaka 1988 alirudi akashinda tena, saa 2:11:45. Yule kijana wa mita 1,500 alikuwa sasa anakimbia umbali unaozidi huo mara 28.

Na mwaka huo huo wa 1988, Septemba, kule Seoul, njia ya Abadjiev ilipata ushindi wake mkubwa na aibu yake kubwa ndani ya wiki moja. Naim Süleymanoğlu, aliyelelewa na mfumo wa Bulgaria tangu utotoni, alinyanyua jumla ya kilo 342.5 katika uzito wa kilo 60, lakini aliifanyia hivyo Uturuki, kwa kuwa alikuwa Mturuki wa Bulgaria aliyelazimishwa kubadili jina na akatoroka Melbourne mwaka 1986. Siku chache baadaye Wabulgaria wawili walinyang'anywa dhahabu zao baada ya kukutwa na furosemidi, dawa ya kukojosha ambayo huficha dawa nyingine na kupunguza uzito, na timu nzima ikafunga virago. Ukali wa kila siku ulikuwa umezaa mabingwa. Ulikuwa umezaa pia magoti yaliyokwisha na vijana waliotupwa ambao majina yao hayamo kwenye vitabu vya rekodi.

Nyambui baadaye alikuwa Katibu Mkuu wa Riadha Tanzania, na alikaa kwenye ofisi hiyo katika miaka ambayo jeshi na shule hazikuwa tena na fedha wala ari ya zamani. Medali mbili za Moscow, zilizopatikana kwa siku mbili zinazofuatana, bado ni mbili, hata baada ya Paris 2024.

Nje ya Olimpiki mambo yamesogea. Tarehe 15 Septemba 2025, Tokyo, katika mashindano ya dunia, Alphonce Simbu wa Singida aliingia uwanjani akiwa nyuma kidogo ya Mjerumani Amanal Petros. Walikuwa wamekimbia zaidi ya saa mbili katika joto. Mita za mwisho zilikuwa za kasi tupu, kama mashindano ya shule, Petros akijirusha na kuanguka mbele, Simbu akipita pembeni yake. Saa ziliwaandikia wote 2:09:48. Picha ya mstari wa kumalizia ndiyo iliyowatenganisha, sehemu tatu za mia za sekunde, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano hayo.